Kidingapopo na maji ya kwenye diaba

“Huna malaria.” Mzanzibari mwenye homa amelizoea jibu hili siku hizi kuliko jengine lolote. Anatobolewa kidole, tone la damu linatiwa kwenye kipimo, anasubiri kama robo saa, anaambiwa hana. Na mara nyingi kweli hana. Utafiti wa mwaka 2007–08 ulikuta maambukizi ya malaria visiwani yameshuka chini ya asilimia 1, baada ya dawa mseto kuanza kutumika mwaka 2003, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa kuta kuenea Unguja na Pemba. Wazee waliozika watoto kwa malaria wanaujua ukubwa wa kazi hiyo, na siandiki makala hii kuipunguza.

Lakini homa hazikuondoka na malaria. Na hapo, baada ya neno “huna”, ndipo tunapopotea.

Nilipotea mimi mwenyewe. Mwanzoni mwa masika, miaka michache nyuma, nilipandwa na homa kali ghafla, mchana, nimesimama dukani. Kufika jioni kichwa kinagonga, mgongo na magoti vinauma kama vya mtu aliyetwangwa, na nikizungusha macho tu nasikia maumivu nyuma ya mboni. Nikaenda zahanati ya karibu. Kipimo kikasema sina malaria. Nikachomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu na nikapewa antibiotiki za siku tano. Siku ya nne homa ikashuka. Nikaoga, nikanywa uji, nikasema alhamdulillahi nimepona. Asubuhi yake, nikipiga mswaki, mate yakatoka na damu, na tumbo likaanza kuniuma. Shangazi yangu ninayekaa naye Mpendae akanitazama miguu, akaona vidoa vyekundu vidogo vidogo vimetapakaa, akasema, “Mwanangu, hii si homa ya kulala nayo ndani. Vaa twende.” Spitali kubwa ndiko kipimo chengine cha damu kilikoonesha dengi, ambayo kwa lugha yetu ni kidingapopo.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mambo mawili niliyoyajua baadaye, na ambayo kila muuza duka la dawa na kila mwenye kulea angepaswa kuyajua kabla mvua hazijaanza. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni hazimfai mtu anayeshukiwa kuwa na kidingapopo. Ugonjwa huu hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizo huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha, pamoja na kunywa kwa wingi: maji, madafu, uji mwepesi, maji ya chumvi na sukari.

La pili ndilo linaloua watu. Siku za hatari huanza pale homa inaposhuka, baina ya siku ya tatu na ya saba. Mishipa midogo ya damu huweza kuanza kuvujisha majimaji, presha ikaanguka, na mgonjwa ambaye nyumba nzima imeshamfurahikia kuwa ana nafuu akazidiwa ndani ya saa chache. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, choo cheusi, kuchoka kupita kiasi, kukosa utulivu: likionekana hata moja katika haya, usingoje kukuche. Kirusi cha dengi hakina dawa ya kukiua, lakini mgonjwa aliyewahiwa na wauguzi wanaojua kumpimia maji ya mshipa mara chache sana hufa.

Kinachonishangaza ni kwamba tunaipokea homa hii kama mgeni. Mwaka 1870, mwaka uleule Seyyid Barghash alipokalia kiti cha usultani, homa ya kuvunja viungo ilipita mji wa Unguja nyumba kwa nyumba. Daktari wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu hapa miaka hiyo, aliandika kwamba wazee wa mji waliitambua. Waliikumbuka ya mwaka 1823, na walikuwa na jina lake, dinga au denga. Waandishi wa karne ile waliliandika pia kwa urefu, kidinga pepo, mshituko unaoletwa na pepo. Popo wa leo huenda ni pepo wa jana. Wapo wanaoamini kuwa neno hili la Waswahili ndilo lililovuka bahari mpaka visiwa vya Karibi na kuzaa neno “dengue” la dunia nzima. Wanaisimu hawajaafikiana, na mimi si mwanaisimu, lakini hata ule ubishi wenyewe unatosha kutwambia homa hii imeishi nasi kwa muda gani.

Tena kuna jambo zuri zaidi. Watafiti kadhaa wa leo, wakiyasoma maelezo ya Christie, wanaona ugonjwa wa 1870 ulifanana zaidi na chikungunya, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyowaganda watu baada ya homa kwisha. Na chikungunya nayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952–53, huko Newala, ikapewa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Kwa mwenye nyumba, ubishi huu wa wataalamu haubadilishi kitu, maana homa zote mbili huletwa na mbu mmoja. Mbu huyohuyo hubeba pia Zika na homa ya manjano, ile ambayo kwa ajili yake msafiri wa kutoka nchi fulani huulizwa cheti cha chanjo akishuka uwanja wa ndege.

Na tusidhani kuwa yaliishia karne ya 19. Watafiti walipima damu za watu wazima 500 waliojitolea damu katika benki ya damu ya Zanzibar, watu wazima wa afya, wasio na homa. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa asilimia 50.6 walikuwa na kingamwili za dengi, alama ya kuwa kirusi kiliwahi kuwaingia. Nusu. Wakaazi wa mjini zaidi ya wa mashamba, wenye umri mkubwa zaidi ya vijana, kama inavyotarajiwa kwa kitu kilichokuwa kikiwapata watu mwaka baada ya mwaka bila ya kuandikwa popote. Wangapi kati yao waliwahi kuambiwa wana dengi? Wengi bila shaka waliambiwa hawana malaria, wakarudi nyumbani.

Idadi hiyo ina uzito kwa sababu moja ambayo haisemwi vya kutosha. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Ukiugua aina moja, mwili unapata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo moja. Ukija kuambukizwa aina nyengine baadaye, hatari ya kuugua vibaya inazidi, haipungui. Kwa hiyo nusu yetu tumeshapita mlango wa kwanza bila ya kujua. Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2010, 2014 na 2019, na mwaka huo wa 2019 Tanzania ilihesabu wagonjwa zaidi ya 6,000. Boti ya kutoka Dar inachukua saa mbili hivi. Mbu hana haja ya kupanda boti. Anapanda mtu mwenye kirusi kwenye damu, anashuka bandarini Malindi, hapa mjini, anakwenda kwao, na mbu wa kumng'ata wapo wanamsubiri.

Wapo wapi? Hapa nirudi Mpendae, uani kwa shangazi.

Mtaani kwetu maji ya mfereji yanakuja usiku, si kila usiku, na hakuna anayejua usiku gani. Mfereji unakohoa hewa kwanza, halafu unatema maji mekundu ya kutu, halafu yanakuja meupe, na hapo nyumba nzima inaamka. Shangazi ana diaba mbili za buluu, pipa, madumu sita, na ndoo nisizozihesabu. Zinajazwa zote, maana kesho huijui. Diaba la nyuma, lililo chini ya mbati, ndilo la akiba, haliguswi mpaka mengine yaishe. Linaweza kukaa wiki mbili. Nilipopata nguvu ya kusimama baada ya ile homa, nililifunua. Maji yalikuwa meupe, yanaonesha mpaka chini. Na ndani yake, vimening'inia kichwa chini kwenye uso wa maji, viluwiluwi. Nikapitisha mkono juu, kivuli kikagusa maji, vikazama vyote kwa pamoja vikijipindapinda. Pembeni mwa diaba, juu kidogo ya mstari wa maji, palikuwa na kitu kama masizi kimeganda kwa mzunguko. Nilidhani ni uchafu wa plastiki. Yalikuwa mayai.

Nikamwita shangazi. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, “Nyumba yangu mimi si chafu.”

Maneno yale nimekaa nayo miaka yote hii, kwa sababu alikuwa na haki. Nyumba yake haina jaa, uwa unafagiwa asubuhi na jioni, ndoo zinasuguliwa zikawa kama mpya. Na kila kampeni ya mbu aliyoisikia maishani mwake imemwambia kuwa mbu ni matokeo ya uchafu: fyeka majani, fukia madimbwi, zoa taka, safisha mitaro. Mbu wa kidingapopo, Aedes aegypti, hana shida na majani wala mitaro ya maji machafu. Anataka maji safi yaliyotulia, kwenye chombo, kivulini, karibu na watu. Anataka hasa kile ambacho mwanamke mwangalifu wa Kizanzibari huwa nacho: akiba ya maji. Watafiti waliopita majumbani mjini na mashamba ya Unguja wakimsaka walikuta viluwiluwi vyake kwenye vyombo vya plastiki, vya mabati na kwenye matairi. Nyumba inayosifiwa kwa usafi mtaa mzima inaweza kuwa ndiyo inayotoa mbu wengi kuliko zote, na mwenye nyumba akaapa, kwa kweli kabisa, kwamba kwake hakuna pahala pa mbu kuzalia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kidingapopo si ugonjwa wa uchafu, ni ugonjwa wa maji yasiyotoka kila siku. Tukiendelea kuusemesha kwa lugha ya usafi, hatutausikia unakojibu.

Kila mbu ana maji yake, na hili si somo geni visiwani. Mbu wa malaria hupenda maji ya ardhini, mabonde ya mpunga, mashimo ya mvua. Mbu wa matende na mabusha mijini na vijijini kwetu hupenda maji ya makaro na vyoo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, watafiti wakishirikiana na wenyeji walimwaga punje nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zikaelea zikafunika uso wa maji, viluwiluwi vikakosa pahala pa kuvutia pumzi, mbu wakapungua sana, na kwa kuwa watu walipewa na dawa, maambukizi ya matende yakashuka. Hakuna aliyewaambia watu wa Makunduchi kwamba ni wachafu. Walitazamwa mbu wanatoka wapi hasa, wakafungiwa mlango huo.

Silaha zilizoipiga malaria zinamkosa huyu. Chandarua kinamkinga mtu aliyelala usiku. Aedes anang'ata mchana, zaidi baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama, wakati watoto wako skuli na chuoni, na mama yuko jikoni amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Dawa ya ukutani inamuua mbu anayetua ukutani baada ya kunyonya. Huyu anajificha uvunguni mwa kitanda, nyuma ya nguo zilizotundikwa, kabatini. Gari la kupuliza moshi wa dawa linalopita mitaani wakati wa mlipuko linaua waliokuwa wakiruka saa ile nje. Viluwiluwi vya kwenye diaba la shangazi havisikii harufu yake, na baada ya wiki moja vimeshakuwa mbu.

Chandarua kina kazi moja ambayo karibu hakuna anayeifanya. Mtu akiwa na homa ya kidingapopo, damu yake siku zile za mwanzo imejaa virusi, na mbu anayemng'ata ndiye atakayewapelekea wengine, akishakaa navyo mwilini kama siku 8 mpaka 12. Mbu huyu haruki mbali, mita mia kadhaa kwa wingi. Basi anayepaswa kulala ndani ya chandarua mchana kutwa ni mgonjwa. Nilipougua mimi nililazwa sebuleni, mlango wazi, ili nipate upepo, na wageni wa kunijulia hali wakakaa nami asubuhi mpaka magharibi. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani akapandwa na homa, na baada yake mama yake. Siwezi kuthibitisha kitu, lakini nalikumbuka lile pazia la mlango lililokuwa limefungwa fundo juu.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, na hapa wengi tunajidanganya. Yale mayai yaliyoganda pembeni mwa chombo yanastahamili ukavu kwa miezi. Unamwaga diaba, unalianika juani, unalijaza tena, na mayai yaliyokuwa yakisubiri yanaanguliwa. Lazima kuta za ndani za chombo zisuguliwe, kwa kumbi la nazi au brashi ngumu na sabuni, angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu kutoka yai mpaka mbu huchukua siku 7 mpaka 10 hivi katika joto letu. Chombo kisichoweza kumwagwa kifunikwe kwa kitu kisichoacha upenyo. Vifuu, makopo, matairi ya zamani yanayowekwa juu ya mabati kuzuia upepo, sahani za chini ya vyungu vya maua, vinywea vya kuku: haya ni ya kutupa au kugeuza, hayahitaji makala.

Diaba linahitaji, kwa sababu huwezi kumwambia mtu amwage maji ambayo hajui atayapata lini tena. Singapore humtoza faini mwenye nyumba atakayekutwa na viluwiluwi, na nimesikia watu wazima wakisema na sisi tufanye hivyo. Singapore mfereji unatoka saa 24. Faini pale ina maana, kwa sababu mtu ana hiari ya kutoweka maji. Ukimtoza faini shangazi yangu, unamtoza kwa kosa la kuwa na busara. Seyyid Barghash alipoleta maji ya bomba mjini kutoka kwenye chemchem za nje ya mji, watu walipumzika kubeba mitungi. Karibu karne moja na nusu baadaye, sehemu kubwa ya mji tuna bomba na mtungi pamoja, na gharama yake tunaihesabu kwa usingizi uliokatika tu, wakati sehemu ya gharama hiyo iko kwenye daftari za spitali chini ya neno “homa”.

Ndiyo maana naona wizara ya afya na wanaosimamia maji wanapaswa kukaa meza moja kwa ajili ya ugonjwa huu, jambo ambalo kwa malaria halikuwa la lazima. Maji ya kila siku ni mradi mrefu, naelewa. Lakini ratiba ya kweli si mradi mrefu. Mtu akijua kwa yakini kuwa maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, atathubutu kulimaliza diaba la akiba Alkhamisi na kulisugua. Na kwenye vituo vya afya, jibu la “huna malaria” lifuatwe na kipimo cha dengi pale dalili zinapoelekea huko. Kipimo cha haraka kipo duniani, kinaonesha kirusi tangu siku za mwanzo za homa. Uwezo wa kisayansi hatuukosi. Pemba pana maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, tangu mwaka 2000. Kuna na mambo mapya, chanjo ambazo baadhi ya nchi zimeanza kutumia, na mbu waliopandikizwa bakteria wa Wolbachia ambao huko Yogyakarta, Indonesia, walipunguza dengi kwa asilimia 77 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Yatazamwe. Ila hakuna sababu ya kuyangoja ndipo tufunike maji.

Shangazi hakungoja. Alichukua chandarua kilichochakaa, akakikata mviringo mkubwa kuliko mdomo wa diaba, akatia upindo, akapitisha ukanda uliokatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Kinafungika kama ngozi ya ngoma. Maji ya mfereji unayapitishia humohumo bila kufunua. Majirani wakaja kutazama, wakaenda kukata vyao, na kwa mwezi mmoja mazungumzo ya mtaa yakawa ni chandarua cha nani kimekaa vizuri zaidi.

Siku moja baada ya sala ya alasiri akaniuliza, “Mie changu nimekifunika. Na lile tangi la juu ya msikiti, analifunika nani?” Sikuwa na jibu. Nikamfuata maalim, tukaazima ngazi, akapanda yeye kwanza. Tangi lilikuwa wazi kama jicho. Mfuniko ulichukuliwa na upepo wa kusi, na kusi ilikuwa imekwisha zamani, tuko kwenye vuli. Watu walikuwa wakitia udhu kwa maji yale mara tano kwa siku. Tukateremka kuutafuta mfuniko. Tuliukuta nyuma ya nyumba ya tatu, chini ya mwembe, umelala chali, umejaa maji ya mvua, na maalim alipoinama kuunyanyua akasita, akaniashiria niangalie. Viluwiluwi vilikuwa vimekwisha zama, isipokuwa kimoja kilichobaki juu, kinapasua ganda lake, kinatoka mbu.